Aldi, Lidl na Penny: bei ni ndogo, lakini chakula kizuri unakitambuaje?

Mgeni_Bochum

Wakuu, habari za humu. Naomba msaada wa wazoefu wa Ujerumani. Nyumba ina watu wanne, bajeti ya chakula ni ya mwanafunzi, na maduka ya karibu ni Aldi, Lidl na Penny. Edeka ipo pia ila bei zake hatuziwezi kila wiki.

Ninachotaka kujua: hivi vitu vyenye majina ya duka lenyewe ni vya daraja la chini, au tunalipia jina tu tukinunua vingine? Nyama, kuku, samaki na mayai nivichague kwa vigezo gani? Na zile stika za kupunguza bei, vitu vyake vinalika kweli? Kijerumani cha lebo bado kinanipiga chenga, kwa hiyo niandikieni maneno yenyewe kama yalivyochapwa nikayatafute rafuni. Tunakula wali, chapati, maharage, mboga za majani, na nyama ni lazima iwe halali.

Mzani

Karibu sana, ndugu. Elewa kwanza unafuu unatoka wapi, maana wengi wakiona bei imeshuka hudhani chakula kimechakachuliwa.

Aldi huuza aina chache mno za bidhaa, kati ya 1,500 na 2,000 hivi. Supamaketi ya kawaida hapa hufika 10,000 na kupita. Duka likiwa na aina moja au mbili tu za mtindi mweupe, linanunua mtindi huo kwa wingi wa kutisha na kiwanda kinakubali bei ya chini. Bidhaa zinakaa rafuni ndani ya katoni zilizosafiria. Mistari ya kuskani huchapwa pande kadhaa za pakiti ili keshia asipoteze muda kuigeuza. Matangazo ya kila jina moja moja hayapo. Ndivyo akina Karl na Theo Albrecht walivyolikuza duka la mama yao kule Essen, jirani zako hapo, na Lidl walifuata njia hiyohiyo tangu 1973. Akiba yote hiyo inatoka kwenye uendeshaji wa duka, haijagusa kilichomo kwenye kopo.

Haina maana kwamba kila kitu ni kizuri. Ndani ya Aldi hiyohiyo kuna siagi safi sana, na hatua tatu mbele kuna kinywaji cha sukari chenye picha kubwa ya matunda. Kwa hiyo geuza pakiti. Upande wa mbele ni wa muuzaji, upande wa nyuma ni wa sheria.

La kwanza kusoma ni "Grundpreis", yale maandishi madogo kwenye kikaratasi cha bei. Hiyo ndiyo bei ya kilo moja au lita moja. Tangu 28 Mei 2022 sheria inataka kipimo kiwe kilo au lita, maana zamani wengine waliandika kwa gramu 100 na ulinganisho ukawa mgumu. Mfano: jibini ya gramu 400 kwa euro 1.99 ni kama euro 4.98 kwa kilo. Ya gramu 750 kwa euro 2.99 ni kama euro 3.99. Jicho litakimbilia ya kwanza kwa sababu namba kubwa inayoonekana ni ndogo. Grundpreis pia inafichua ule ujanja wa kupunguza ujazo huku bei na sura ya pakiti vikibaki vilevile. Usidhani pakiti kubwa siku zote ndiyo nafuu. Wakati wa ofa, ndogo mara nyingi huishinda.

La pili ni alama yenye umbo la yai, ipo kwenye maziwa, jibini, siagi, nyama na samaki. Ndani yake kuna "DE", kisha herufi za jimbo (kwenu ni NW, yaani Nordrhein-Westfalen), namba, na "EG" chini. Hiyo ni namba ya kiwanda cha mwisho kilichoshughulikia bidhaa. Chukua maziwa ya Milsani ya Aldi au Milbona ya Lidl, linganisha namba na maziwa ya jina kubwa. Mara nyingi utakuta ni kiwanda kilekile.

La tatu ni matokeo ya Stiftung Warentest, taasisi ya tangu 1964 inayonunua bidhaa madukani kimyakimya kama mteja na kuzipima maabara. Alama zao huanzia "sehr gut", "gut", "befriedigend", "ausreichend" hadi "mangelhaft". Bidhaa za maduka ya bei nafuu hupata "gut" mara nyingi tu. Ukiona nembo yao kwenye pakiti, soma mwezi na mwaka wa jaribio pembeni yake. Nembo ya miaka mingi nyuma haisemi chochote juu ya kilichomo leo. Jarida lao utalisoma bure maktaba nyingi za mji.

Lebo_Kwanza

Mzani kasema vizuri, ila kwenye ile alama ya kiwanda niongeze tahadhari. Kiwanda kimoja kinaweza kutengeneza mtindi wa aina kumi kwa resipe kumi. Namba ikifanana, umejua mahali tu. Baada ya hapo linganisha "Zutaten", yaani viambato, na jedwali la lishe. Kwa maziwa mazima au siagi tofauti hubaki ndogo sana. Kwa mtindi wa matunda, soseji au pizza inaweza kuwa kubwa, na bidhaa ya duka isiwe nakala ya ile ya jina. Pia alama hiyo ni ya mwisho wa safari: kiwanda kinachokata na kufunga jibini si lazima ndicho kilichoitengeneza.

Viambato hupangwa kwa uzito, kizito zaidi kwanza. Kitu kinachoonekana kwenye picha au kwenye jina la bidhaa lazima kiandikiwe asilimia. Hapo ndipo unaona "mchuzi wa pesto" una mafuta ya alizeti mwanzoni na mafuta ya zeituni asilimia mbili mwishoni.

Maneno machache ambayo sheria au kanuni rasmi imeyafunga, hayo yaamini:

"Direktsaft" ni juisi iliyokamuliwa na kufungwa. "Aus Konzentrat" ilikaushwa ikarudishiwa maji, bado ni asilimia 100 tunda. "Nektar" ina maji na sukari. "Fruchtsaftgetränk" ni maji yenye juisi kidogo.

"Deutsche Markenbutter" ni daraja la juu la siagi, hupimwa mara kwa mara kwa harufu, ladha na jinsi inavyopakika. Ya bei ya chini kabisa Aldi na Penny ni ya daraja hilohilo. Hapa hakuna sababu ya kulipa zaidi, labda utake ya kikaboni au ya malisho.

"Vollkornbrot" lazima iwe na angalau asilimia 90 ya nafaka nzima. "Mehrkorn" haina ahadi hiyo, ni nafaka mchanganyiko tu. Na rangi ya kahawia ya mkate isikudanganye: tafuta "Malzextrakt" au "Gerstenmalz" kwenye viambato, mara nyingi ndiyo iliyopaka rangi.

"Natives Olivenöl extra" ni mafuta ya zeituni ya daraja la kwanza, asidi isiyozidi asilimia 0.8. Chagua chupa nyeusi, chukua ya nyuma ya rafu iliyojificha na taa, na tarehe iliyo mbali zaidi.

Majani ya kijani ya nyota (alama ya Umoja wa Ulaya) yenye namba kama "DE-ÖKO-006" ni kikaboni halisi popote inapouzwa, Aldi au duka la kifahari, kwa kiwango kilekile cha chini. Lidl wana bidhaa zenye nembo ya Bioland na Aldi zenye nembo ya Naturland, vyama ambavyo masharti yao ni makali kuliko ya Ulaya.

Nutri-Score, zile herufi A hadi E za ubora wa lishe, ilinganishie bidhaa za kundi moja tu. Nafaka ya asubuhi na nafaka ya asubuhi. Mafuta ya zeituni na biskuti hazilinganishwi.

Bi_Jiko

Mwanangu, nijibu mayai na nyama.

Mayai: soma muhuri uliopo juu ya yai lenyewe, si sanduku. Mfano 1-DE-05 na namba zinazofuata. Tarakimu ya mwanzo ni ufugaji: 0 kikaboni, 1 kuku wanatoka nje ("Freiland"), 2 wako ndani ya banda bila vizimba ("Boden"), 3 vizimba. DE ni nchi, 05 ni jimbo lenu la Nordrhein-Westfalen. Sanduku linaweza kubeba anwani ya mfungaji aliye mbali kabisa na shamba, ndiyo maana nasema yai. Tarehe ya mwisho kwenye sanduku ni siku 28 baada ya kutagwa. Toa siku 28 utapata siku ya kutagwa, kisha chagua sanduku lililo jipya zaidi. Fungua, gusa kila yai uligeuze kidogo. Lililopasuka limeganda kwenye karatasi na halisogei. Nyumbani, yai la wasiwasi litie kwenye bakuli la maji: likilala chini ni bichi, likisimama wima limezeeka lakini la kuchemsha au keki linafaa ukilipasua pembeni na kulinusa, likielea tupa.

Nyama ya kusaga: watu huchagua kwa wekundu, na wekundu ndio usiotosha. Pakiti imeandikwa "unter Schutzatmosphäre verpackt", maana yake hewa ya ndani imebadilishwa na ina oksijeni nyingi sana, ambayo huifanya nyama ing'ae wekundu kwa siku kadhaa hata ikiwa inazeeka. Ukifungua, inageuka kahawia upesi. Soma tarehe na asilimia badala ya rangi. "Rinderhackfleisch" ni ng'ombe mtupu, mafuta chini ya asilimia 20, na maandishi "Kollagen/Fleischeiweiß unter 15 %" yanahusu kano na tando zilizosagwa humo. Kiwango hicho kikishuka, nyama ni safi zaidi. Kwa sambusa ninasisitiza yenye mafuta machache, kwa sababu mafuta yakiyeyuka yanalowesha manda ikapasuka kwenye karai. Kwa kababu za kuchoma, asilimia 20 ni nzuri, zisikauke. Na "gemischtes Hackfleisch" au "Hackfleisch gemischt" ina nguruwe. Pakiti zinakaa bega kwa bega na zinafanana mno, kuwa makini.

Pakiti ya nyama ya kusaga huandika ihifadhiwe nyuzi 2. Friji nyingi za nyumbani ziko 6 au 7. Iweke rafu ya chini kabisa, juu ya droo ya mboga, ukutani, na uipike siku hiyohiyo au kesho yake. Isipopikwa igandishe siku ya kununua, ikiwa bapa ndani ya mfuko, unene wa vidole viwili. Itaganda haraka na kuyeyuka haraka.

Vipande vya ng'ombe: lebo lazima iseme alizaliwa wapi ("geboren in"), alikuzwa wapi ("aufgezogen in" au "gemästet in"), alichinjwa wapi, alikatwa wapi. Zikiwa nchi nne tofauti, huyo ng'ombe amesafiri. Kwa mchuzi usinunue steki. Tafuta "Beinscheibe" (muundi na mfupa wake), "Suppenfleisch" au "Gulasch". Gulasch ya pakiti mara nyingi imechanganya vipande vya sehemu tofauti, vingine vinaiva dakika 60 na vingine 120, ukiitoa mapema unalaumu nyama. Ukitaka uhakika nunua kipande kizima ukikate mwenyewe.

Kuku wa friza: kifua kilichotiwa maji ya chumvi kinapungua sufuriani na kutoa povu jeupe. Njia ya kumjua ni jedwali la lishe. Kifua kitupu kina "Eiweiß" gramu 22 hadi 24 kwa gramu 100 na "Salz" karibu 0.2. Ukikuta protini 17 au 18 na chumvi inakaribia gramu 1, unalipia maji. "Suppenhuhn" ni kuku mzee wa mayai, yupo kwenye friza, na ndiye wa karibu zaidi na kuku wa kienyeji kwa supu yake. Mchemshe moto mdogo saa moja na nusu hadi mbili. Ukimkaanga moja kwa moja hataliwa.

Zile namba za "Haltungsform", sasa ni 1 hadi 5, zinaeleza maisha ya mnyama: 1 ndani ya banda kwa kiwango cha sheria, 5 kikaboni. Hazisemi lolote kuhusu ubichi wala usafi.

Kijana_wa_Altona

Kwa upande wa halali, ndugu yangu, usiichukue nyama ya kawaida ya maduka haya ukadhani ni halali kwa sababu ni kuku au ng'ombe. Hii ni pamoja na Suppenhuhn aliyemtaja Bi Jiko. Sheria ya Ujerumani inataka mnyama apigwe ganzi kabla ya kuchinjwa, na kuchinja bila ganzi kunahitaji kibali maalumu. Wapo wathibitishaji wanaokubali ganzi nyepesi na wapo wasiokubali, kwa hiyo soma jina la aliyetoa cheti ujue msimamo wake. Watu wengi hugawa hivi: nyama bucha la Kituruki, vingine vyote Aldi na Lidl. Bochum ina bucha hizo za kutosha, na kwa nyama yenye mfupa bei yake hushindana na duka lolote.

Kinachonasa wengi si nyama. Ni hivi:

"Gelatine" au "Speisegelatine" bila maelezo, hesabu ni nguruwe. Imo kwenye peremende laini, baadhi ya mtindi wa mafuta kidogo, krimu za keki na vitindamlo vya vikombe. "Rindergelatine" ni ya ng'ombe, na hapo linarudi swali la uchinjaji. "Schmalz" peke yake ni mafuta ya nguruwe. "Speck" na "Schinken", yaani nyama ya nguruwe, hujificha kwenye supu za kopo, saladi za viazi na dengu. Hata makopo ya mboga na dengu hayako salama: "Linseneintopf" nyingi zina nyama ya kuvuta moshi.

"Alkohol" au "Ethylalkohol" utaikuta kwenye viambato vya mikate laini ya maziwa na kruasani za pakiti, hupulizwa kuzuia ukungu. Watoto ndio walaji wakubwa wa hizo, zisome.

E471 (kiambato cha kuchanganya mafuta na maji) inaweza kutoka kwa mmea au mnyama, lebo hailazimiki kusema. Hapo ndipo nembo ya njano yenye V ya kijani inasaidia: bidhaa yenye nembo hiyo haina jelatini, mafuta ya mnyama aliyechinjwa wala kimeng'enya cha tumbo la ndama kwenye jibini. Ila nembo hiyo haizuii pombe, kwa hiyo bado unasoma mstari wa viambato.

Pwani_Magharibi

Samaki mmemsahau. Lebo ya samaki mbichi au wa friza asiyeungwa lazima itaje jina la Kilatini, kama ni wa kuvua ("gefangen") au wa kufuga ("Aquakultur"), na eneo.

"Seelachs" na "Alaska-Seelachs" si samoni hata kidogo, ni samaki weupe wa jamii ya cod ("Kabeljau"). Samoni ni "Lachs", Salmo salar akiwa wa Atlantiki. Alaska-Seelachs ni mzuri kwa kukaanga na bei yake ni nafuu, mradi ujue unanunua nini. "Viktoriabarsch", Lates niloticus, ni sangara wetu wa Ziwa Viktoria, huletwa kutoka Tanzania, Uganda na Kenya. Hatokei kila wiki, hushikilia umbo kwenye mchuzi wa nazi kuliko Seelachs anayevunjikavunjika.

Viambato vya minofu ya friza viwe neno moja: samaki. Ukiona E450, E451 au E331, hizo chumvi zimefanya mnofu unywe maji, hasa kwa pangasius na kamba. Kamba na minofu ya mmoja mmoja hufunikwa barafu nyembamba wasikauke. Barafu hiyo hairuhusiwi kuhesabiwa kwenye uzito halisi, kwa hiyo tazama uzito usio na barafu na Grundpreis yake, si ukubwa wa mfuko. Tikisa mfuko: vipande vikigonga kimoja kimoja, sawa. Vikiwa bonge moja na theluji nyingi ndani, vimeyeyuka njiani vikaganda tena, acha. Kingo nyeupe zilizokauka ni za kuungua kwa baridi; haidhuru mwili, ila nyama yake ni kama karatasi.

Na kwenye meza ya baridi, "aufgetaut" maana yake aliganda, akayeyushwa. Usimgandishe tena akiwa mbichi.

Mgeni_Bochum

Asanteni sana, hii ni shule. Bi Jiko, shikamoo. Nimebakiwa na vyakula vyetu: unga wa ugali na chapati, mchele, nazi, bizari za pilau. Vipo humo au niende duka la Kiafrika moja kwa moja? Na Mzani, zile stika?

Bi_Jiko

Marahaba, mwanangu. Vingi vipo, vingine vinafanana tu.

Unga wa ngano una namba: 405, 550, 1050. Ni miligramu za madini katika gramu 100, kadiri namba inavyopanda ndivyo ganda la ngano lilivyobaki zaidi. Wa bei ya chini ni 405, mzuri kwa keki na maandazi laini. Kwa chapati chukua 550, unavutika vizuri zaidi ukisukuma. Gramu 500 kwa maji ya uvuguvugu mililita 280 hadi 300, chumvi, mafuta vijiko viwili, kisha donge lipumzike nusu saa likiwa limefunikwa. Ukizoea 550 halafu ukatumia 405 kwa maji hayohayo, donge litanata; punguza maji kidogo.

Ugali: "Maisgrieß" au "Polenta" ni ya njano na punje zake ni nene, ugali wake unakwaruza. "Instant-Polenta" imeshapikwa, haishiki. "Maisstärke" au "Speisestärke" si unga, ni wanga wa kufanya uji na mchuzi uwe mzito, na watu wengi huununua kwa makosa kwa sababu ni mweupe. Unga wetu ni "weißes Maismehl", huo ufuate duka la Kiafrika, na ukinunua mfuko mkubwa utashinda bei. "Weichweizengrieß" (ngano laini iliyosagwa punjepunje) ya Aldi inasongeka vizuri siku ukikwama.

Mchele: "Spitzenreis" maana yake uliovunjika hauzidi asilimia 5. Basmati ya duka inatosha kabisa kwa pilau. Ioshe mpaka maji yawe meupe kidogo tu, iloweke dakika 20, ichuje. Mchele wa mifuko ya kuchemshia ("Kochbeutel") uache, Grundpreis yake ni kubwa na pilau haupiki kwa mfuko.

Nazi: "Kokosmilch" ya kopo mililita 400. Soma asilimia ya nazi na "Fett". Tui zuri lina mafuta gramu 17 hadi 20 kwa gramu 100. Ya "leicht" ni tui hilo likiwa limeongezwa maji, unaweza kuongeza mwenyewe bure. "Kokosdrink" ya boksi si ya kupikia wali. Kopo moja na maji mililita 400 vinatosha nusu kilo ya basmati iliyolowekwa.

Bizari nyembamba ni "Kreuzkümmel". Ile "Kümmel" peke yake ni kitu kingine, punje zinafanana, harufu yake ni ya mkate wa Kijerumani na inaharibu sufuria nzima ya pilau. Karafuu ni "Nelken", iliki ni "Kardamom". Lakini angalia Grundpreis ya vichupa vile vya gramu chache utashangaa. Viungo nunua duka la Kihindi kwa mifuko.

Maharage makavu gramu 500 hutoa kilo 1.1 hadi 1.25 yakiiva, sawa na makopo karibu matano, kwa kuwa kopo la gramu 400 lina maharage gramu 250 hivi ukimwaga maji ("Abtropfgewicht"). Mekundu yaloweke usiku, mwaga maji, yachemshe kwa moto mkali dakika 10 kwanza ndipo upunguze. Yasipochemka kwa nguvu yana sumu inayotapisha, kwa hiyo usiyaanzie kwenye chungu cha umeme cha moto mdogo.

Mboga: "Blattspinat" ya friza ni mchicha wa kutosha. "Rahmspinat" ina krimu na chumvi, hiyo acha. "Grünkohl" ni jamii ya sukuma wiki, ipo mbichi majira ya baridi. Viazi vya "mehligkochend" kwa katlesi, "festkochend" kwa mchuzi na biriani, visivunjike. Geuza wavu uone vya chini, na vyenye kijani virudishe.

Mzani

Stika: kwanza tofautisha tarehe mbili. "Mindestens haltbar bis" ni ahadi ya ubora. Baada ya hapo mtindi, jibini ngumu, tambi na mchele hulika, kwa kutazama, kunusa na kuonja. "Zu verbrauchen bis" ni tarehe ya usalama, ipo kwenye nyama ya kusaga na kuku mbichi, na ikipita hakuna mjadala, tupa. Stika ya asilimia 30 hubandikwa siku hizo zikikaribia. Nunua nyama yenye stika kama unaipika au kuigandisha leo. Jumamosi jioni stika huwa nyingi, kwa sababu Jumapili maduka yamefungwa. Ofa mpya za wiki huanza Jumatatu, nyingine Alhamisi. Baadhi ya bei za Lidl hukatwa tu kwa mwenye programu yao ya simu, soma kikaratasi kabla ya kufika kwa keshia.

Chupa na makopo: senti 25 za "Pfand" (amana unayorudishiwa ukirudisha chupa) kwa zile za kutumika mara moja hazimo kwenye bei kubwa unayoiona. Tangu Januari 2024 hata maziwa ya chupa za plastiki yamo. Ukilinganisha maziwa ya chupa na ya boksi, usiihesabu, maana inarudi.

Tunda likioza ndani ya pakiti kabla ya wakati, au nyama ikinuka tarehe haijafika, irudishe na risiti. Kwa kawaida wanarudisha hela bila ugomvi.

Bi_Jiko

Nilisahau moja, kwa wanaotengeneza achari. Malimau na ndimu za wavu huandikwa "nach der Ernte behandelt" na jina la dawa kama Imazalil, au "Schale nicht zum Verzehr geeignet". Ganda hilo limepakwa dawa ya kuzuia ukungu na kuosha hakuimalizi. Kwa juisi kamua, halafu nawa mikono. Kwa achari, ambayo ganda ndilo linaloliwa, chukua za "Bio" (kikaboni) tu, zipo Aldi na Lidl kwenye wavu wenye nne au tano.